Moto wa Nyaya Unawashwa na Bei



Jua linapokaribia kuzama, jirani na viwanja vingi vya chuma chakavu katika miji yetu huonekana moshi mweusi, mzito, wenye harufu inayokaba koo. Ukiufuata utawakuta vijana wawili watatu wamesimama kando ya moto mdogo. Juu ya moto kuna rundo la nyaya: za chaja, za redio, za pasi, za friji, nyingine zimeng'olewa kwenye nyumba iliyovunjwa. Ganda la plastiki linayeyuka, linaungua. Moto ukipoa, vijana wanafukua majivu kwa fimbo, wanaokota kilichobaki, wanakitia kwenye kiroba na kukipeleka kwenye mizani. Kilichobaki ni kopa, na kopa ni fedha.

Leo nataka tuuzungumze moto huo. Tumezoea kuusema kama tabia mbaya ya vijana wasiojali afya zao wala za majirani. Mimi nasema unawashwa na bei, na asiyetaka kuigusa bei asitarajie kuuzima.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Simu, kompyuta, televisheni, friji, pasi, feni na taa, vikishaharibika au kuachwa, ndivyo tunavyoviita taka za elektroniki. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi, na kwamba ifikapo mwaka 2030 zitakuwa zimefika tani milioni 82. Katika tani zile milioni 62, zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaokubalika ni asilimia 22.3 tu. Mkazi wa Ulaya huzalisha wastani wa kilo 17.6 kwa mwaka. Mkazi wa Afrika huzalisha kilo 2.5. Kwa wastani wa mtu mmoja, basi, sisi ndio wa mwisho kwa kutupa. Lakini kwa kukusanya na kurejeleza kwa utaratibu huo rasmi, Afrika nzima haifikishi hata asilimia moja.

Usije ukadhani kwamba taka zetu, kwa sababu hiyo, zinalala tu jalalani bila kuguswa. Hapana. Ukiweka nje ya geti redio iliyokufa, haitaona asubuhi. Waokotaji na wanunuzi wa chuma chakavu wanapita mtaa kwa mtaa, na kila chenye chuma, alumini, kopa au bodi ndani yake wanakijua thamani. Kwa kazi ya kukusanya, vijana hawa ni hodari kweli, na wanaifanya bila mshahara wala bima. Tatizo letu linaanza pale kifaa kinapokwisha kukusanywa na mtu anataka kukifungua.

Maana kifaa kikiwa kizima sebuleni, sehemu kubwa ya sumu yake imefungwa ndani. Chukua ile televisheni ya zamani, ya chogo. Kioo chake kimechanganywa na madini ya risasi, na iliwekwa humo kwa makusudi, ili kuzuia mionzi isimfikie mtazamaji. Bodi za vifaa vya miaka ya nyuma zimeunganishwa kwa lehemu yenye risasi hiyo hiyo. Taa za mirija, na vioo vya kompyuta vinavyomulikwa na mirija myembamba kwa nyuma, vina zebaki. Makasha mengi ya plastiki yametiwa kemikali zenye bromini ili yasishike moto haraka. Friji za zamani zina gesi inayoharibu tabaka la ozoni na kuongeza joto la dunia, na nyingine imo katika sponji iliyojazwa kati ya kuta zake. Vyote hivyo vilikaa na familia miaka kumi, kumi na tano, sumu yake ikiwa imefungwa kwa sehemu kubwa. Nyundo na moto ndivyo vinavyovifungua.

Moto wa nyaya una ubaya wake wa pekee. Ganda la nyaya nyingi ni plastiki ya PVC, ambayo ndani yake kuna klorini. Ikiungua mahali pa wazi, kwenye moto usio na joto la kutosha kuiteketeza kabisa, klorini ile huungana na kaboni, na hapo hutokea kemikali zinazoitwa dioksini. Kopa iliyomo ndani ya waya ndiyo inayouchochea muungano huo. Kwa hiyo mtu aliyechoma nyaya akapata kilo chache za kopa, ametengeneza pia moja ya sumu kali ambazo sayansi inazijua. Dioksini huhusishwa na saratani, huvuruga homoni, hudhoofisha kinga ya mwili na kudhuru ukuaji wa mtoto aliye tumboni. Zikishaingia mwilini hukaa kwenye mafuta kwa miaka mingi.

Na njia ya dioksini kuingia mwilini si pumzi peke yake. Majivu hutua kwenye udongo. Kuku wa kienyeji hudonoa kwenye udongo. Sumu huhamia kwenye mafuta yake, kisha kwenye kiini cha yai. Agbogbloshie, mtaa wa jijini Accra, Ghana, palikuwa kwa miaka mingi mahali palipojulikana zaidi barani Afrika kwa kazi hii ya kuvunja vifaa na kuchoma nyaya. Mwaka 2019 mashirika mawili ya mazingira, IPEN na Basel Action Network, yalitoa matokeo ya kupima mayai ya kuku waliokuwa wakijitafutia chakula pale. Mtu mzima aliyekula yai moja tu angekuwa amevuka mara 220 kiwango cha siku cha dioksini zenye klorini ambacho Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwili unaweza kukivumilia. Mama aliyemchemshia mwanawe yai lile alikuwa anampa chakula bora, kama alivyofundishwa kliniki. Hakuwahi kushika waya hata mmoja.

Sasa tuje kwenye risasi, kwa kuwa hiyo ndiyo inayowapata watoto kwanza. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Na mtoto humeza, kwa sababu hutambaa, hucheza chini, hutia vidole mdomoni. Mwili wake huichukua risasi kama unavyochukua kalisi na kuihifadhi kwenye mifupa. Baadaye, kama mtoto huyo ni wa kike, akikua na kushika mimba, risasi iliyolala mifupani hurudi kwenye damu na kumfikia mtoto wake tumboni. Inayofika kwenye ubongo unaokua hupunguza uwezo wa kujifunza, wa kukumbuka, wa kutulia. Hospitali inaweza kutoa dawa ya kupunguza risasi kwenye damu. Akili iliyokwisha kuharibika haina dawa.

Huko Guiyu, mji wa jimbo la Guangdong nchini China ambako taka za elektroniki kutoka nchi nyingi zilivunjwa kwa miaka mingi, watafiti walipima damu ya watoto wa chini ya miaka sita, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Wastani wa Guiyu ulikuwa mikrogramu 15.3 za risasi kwa kila desilita ya damu. Katika mji jirani wa Chendian, usiofanya kazi hiyo, wastani ulikuwa 9.9. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka hatua zianze kuchukuliwa mtoto akifikisha mikrogramu 5. Angalia: hata watoto wa mji jirani walikuwa wamevuka. Upepo na vumbi havitambui mpaka wa kata.

Kama hali ndiyo hii, kwa nini kijana anachoma? Wengi watajibu haraka: hajaelimishwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kijana anajua moshi unamuumiza. Anakohoa yeye, macho yanayowasha ni yake, kichwa kinamuuma yeye. Anachoma kwa sababu anajua hesabu. Waya wenye ganda, ukifika kwenye mizani, bei yake iko chini, maana mnunuzi anakata uzito wa plastiki na kuongeza hasara anayoihofia. Kopa tupu ina bei ya juu. Kuna njia mbili za kuliondoa ganda. Ya kwanza ni kumenya kwa kisu. Waya mnene wa umeme wa nyumba humenyeka, lakini waya wa chaja au wa spika za masikioni, mwembamba kama uzi, ungemchukua siku nzima apate kiganja kimoja. Njia ya pili ni kiberiti. Mtu ambaye chakula cha jioni cha nyumbani kwake kinategemea mizani ya saa kumi na moja, unatarajia achague njia gani?

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wakubwa wanalijua vizuri. Kwenye soko la dunia, kopa iliyomenywa ikang'aa ina daraja la juu kuliko kopa iliyoungua. Moto unapunguza thamani ya bidhaa ya yule anayeiuza nje, lakini faida ya kuacha kuchoma haimfikii kijana aliyeko mwanzo wa mnyororo. Yeye analipwa kwa kuwahi. Kwa hiyo anawahi.

Ghana imejaribu karibu njia zote, na sisi hatuna haja ya kurudia majaribio yake. Mwaka 2014 zilipelekwa Agbogbloshie mashine za kumenya nyaya, kwa msaada wa shirika la Pure Earth na wenzake wa Ghana. Lilikuwa jambo jema, na nyaya nene zilimenywa. Nyembamba zikaendelea kuchomwa. Mwaka 2016 likaja bunge na sheria maalumu ya taka hatarishi na za elektroniki. Julai 2021 likaja tingatinga: uwanja wa chuma chakavu wa Agbogbloshie ukabomolewa na wafanyakazi wakatimuliwa. Moto haukuzimika. Ulisambaa. Waliokuwa wakifanya kazi mahali pamoja panapojulikana wakaingia na kazi yao kwenye mitaa mingine, karibu zaidi na nyumba za watu, ambako hata kuwafuatilia ni kazi ngumu.

Lakini Ghana hiyo hiyo ilijaribu pia njia nyingine, kwa mradi uliofadhiliwa na Ujerumani. Jijini Accra kilifunguliwa kituo cha kununua nyaya zikiwa na ganda lake, kwa bei iliyoongezewa ili kijana asipate hasara kwa kutochoma. Kituo kimoja hakitoshi mji mkubwa kama Accra, na fedha za mradi huwa na mwisho. Hata hivyo, katika yote niliyoyataja, hiyo ndiyo njia iliyoligusa jambo lenyewe: ilimkuta kijana kwenye mizani, ikampa sababu ya kuacha kiberiti mfukoni.

Wako watakaosema: basi tujenge viwanda, kazi hii itoke mikononi mwa vijana wa mitaani. Viwanda tunavihitaji. Rwanda inacho chake wilayani Bugesera, Nairobi kuna vituo vinavyopokea na kuvunja vifaa kwa utaratibu, na kazi hiyo ni ya kuigwa. Lakini ukuta na lango havitoshi kufanya kazi ya risasi kuwa salama, na ushahidi wake tunao kwenye Pwani ya Kenya.

Kule Mombasa, upande wa Mikindani, kuna mtaa unaoitwa Owino Uhuru, wenye wakazi wapatao elfu tatu. Mwaka 2007 kando ya mtaa huo kilianza kazi kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Kilikuwa kiwanda, kina jina na kina anwani. Moshi wake uliingia majumbani na maji yake machafu yakapita uani mwa watu. Mwanamke aliyeajiriwa ofisini pale, Phyllis Omido, alimwona mwanawe mchanga akiugua ugonjwa usioeleweka, hadi vipimo vilipoonyesha kuwa mtoto ana risasi mwilini. Mama yule aliacha kazi, akahakikisha wengine wanapimwa, akaandamana nao, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 Phyllis Omido alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Fidia ikachukua muda mrefu kuliko uhai wa kiwanda chenyewe. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na ikaona kwamba taasisi za serikali zilizopaswa kuwalinda zina lawama pamoja na kampuni. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi wa fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Hesabu mwenyewe, msikilizaji: mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofunguliwa alikuwa na miaka 17.

Naiweka Owino Uhuru mbele yenu kwa sababu ya hesabu ile ile ya bei. Risasi ya kiwanda kile ilikuwa na faida kwa sababu gharama ya kuchuja moshi na kusafisha maji haikulipwa na kiwanda. Ililipwa na watoto. Ndivyo ilivyo pia kwa kopa ya kijana wa mtaani. Gharama ya kazi chafu haipotei. Isipoandikwa kwenye bei, huandikwa kwenye damu ya mtu, na baadaye huja kudaiwa mahakamani na hospitalini kwa kiasi kikubwa mno kuliko ambacho chujio lingegharimu.

Sheria hatukosi. Nchi za Afrika zilikutana Bamako mwaka 1991 zikakubaliana kupiga marufuku uingizaji wa taka hatarishi barani. Mkataba wa Basel umefanyiwa marekebisho yaliyopendekezwa na Ghana na Uswisi, na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka za elektroniki, ziwe zimetambuliwa kuwa hatarishi au la, hazitakiwi kuvuka mpaka kabla nchi inayopokea haijaarifiwa na kukubali. Tanzania ilitunga mwaka 2021 kanuni zake za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kenya, kwa sheria yake ya taka ya mwaka 2022, inamtaka mwenye kutengeneza au kuingiza bidhaa abebe wajibu wake hata baada ya bidhaa kuisha kazi.

Wajibu huo ndio ninaouomba ufike kwenye mizani. Anayeingiza simu, televisheni na friji nchini alipe ada ndogo kwa kila kifaa, na fedha hiyo isiingie kwenye kapu la jumla. Itumike kwa mambo mawili. La kwanza, kuongeza bei ya waya usiochomwa, ili kilo ya waya wenye ganda imlipe kijana sawa na kopa ambayo angeipata kwa kuuchoma, bila kuhesabu moshi. Mnunuzi mkubwa mwenye kibali awe na mashine ya kusaga na kutenganisha, ambayo hata nyaya nyembamba inaziweza. La pili, kulipia kile kisichonunuliwa na mtu. Kopa ina mnunuzi, bodi ina mnunuzi, lakini kioo cha televisheni ya chogo hakina, sponji ya friji haina, taa yenye zebaki haina. Hivyo ndivyo vinavyopasuliwa na kuachwa mtaroni. Soko halitavichukua kamwe bila kulipwa, na atakayelipa awe yule aliyepata faida kifaa kilipouzwa kikiwa kipya.

Nawageukia sasa wasikilizaji mmoja mmoja, maana yapo yaliyo mikononi mwetu wakati tunasubiri hayo.

Kwanza, mthamini fundi. Simu inayotengenezwa na kutumika miaka miwili zaidi ni simu ambayo haijafika kwenye nyundo. Fundi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam, wa Mwanjelwa jijini Mbeya au wa Luthuli Avenue jijini Nairobi anaifanyia mazingira kazi kubwa kila siku, na wewe fundi, fungua dirisha unapolehemu, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na usimruhusu mtoto acheze chini ya meza yako.

Pili, ukiuza kifaa kibovu, kiuze kikiwa kizima. Usikipasue mwenyewe nyumbani. Betri ya simu iliyovimba usiitoboe wala usiitupe motoni. Iweke mbali na vitu vinavyowaka na uipeleke kwa fundi anayejua kuishughulikia.

Tatu, mzazi unayefanya kazi ya chuma chakavu au betri, vua nguo za kazi kabla hujambeba mwanao. Vumbi la risasi halionekani, na hurudi nyumbani likiwa kwenye shati. Palipowahi kuchomwa nyaya pasifugwe kuku wala kupandwa mchicha.

Nne, mwenyekiti wa mtaa na diwani, kabla hamjaita mgambo wawakimbize vijana, waiteni kwanza wanunuzi. Kila mtaa unawajua wenye mizani. Waulizeni hadharani kwa nini kopa yenye masizi wanaipokea bila kuuliza ilikotoka. Siku mwenye mizani atakapoikataa kopa iliyoungua na kuulipa vizuri waya wenye ganda, vijana watakuwa wa kwanza kulijua hilo, maana wanaifuatilia bei kuliko mtu yeyote mjini.

Ndugu msikilizaji, vijana hawa tayari wanatuondolea taka ambazo hakuna mwingine aliyekubali kuzibeba. Tunachowadai ni kuacha kiberiti. Wanachotudai ni bei inayowawezesha kukiacha, na deni letu ndilo linalotakiwa kulipwa kwanza.